Nywele za pembeni zinapungua, na mba haziishi

Muulizaji (Umoja, Nairobi): Nina miaka 26, na nywele za pembeni mwa paji la uso zinapungua, huku koti langu jeusi likijaa mba mabegani. Je, mafuta ya nazi yatanifaa?

Jibu: Dada, kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida, lakini chunguza misuko yako, kwani ikikaza hadi vipele vikatokea kwenye mashina, nywele hung'oka, na zikivutwa miaka mingi huenda zisiote tena.

Jibu: Usiyaache mafuta kichwani siku nyingi, kwa sababu kuvu inayochochea mba hula mafuta. Shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya kuua kuvu, iache dakika 5 kabla ya kusuuza.

Muulizaji: Vipele hivyo ninavyo, na usiku wa kwanza baada ya kusukwa huwa silali. Nitafumua Jumamosi.