Mama muuza omena amnase mwizi vipi?

MwandishiManyatta: Naandika hadithi ya upelelezi ya kusomwa na chai, bila maiti. Mpelelezi ni mama muuza omena (wale dagaa wa Ziwa Victoria) soko la Kibuye, Kisumu. Kisanduku cha chama, yaani cha akiba ya kikundi, kimeibwa usiku na lawama zimemwangukia mwanawe wa kidato cha pili. (Polisi siwataki, wataniharibia hadithi.) Mama anamshuku jirani mvuvi, lakini huyo anaapa alikuwa ziwani usiku kucha. Atamnasa kwa lipi?

Jamaa wa Dunga: Dada, angalia mwezi. Omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, ndipo hufuata mwanga. Mbalamwezi ikishang'aa, taa haifui dafu, na mashua nyingi hulala ufukweni. Jirani akisema alivua omena usiku wa mwezi mpevu, amejifunga mwenyewe! Na muuza omena hahitaji kuambiwa na mtu. Siku hizo omena huadimika na bei ya gorogoro (mkebe wa kupimia) hupanda.

Min Nyithindo: Usiiweke kati ya Aprili na Julai. Uvuvi wa omena hufungwa, huo uongo hata mtoto wa nasari ataushika.

MwandishiManyatta: Basi Oktoba. Asanteni sana! Sasa jirani aibe kwa nini? Msiniambie kamari, hiyo imechosha.

Min Nyithindo: Karo ya bintiye. Halafu huyo binti awe darasa moja na mwana wa mpelelezi wako, tuone mama atafanya nini.