Plagini ya ulinzi imegoma baada ya kuhamia hosti mpya, kubadili jina la folda hakusaidii

nyuki_tabora
Wakuu, heshima kwenu. Tovuti ya kikundi cha wafugaji nyuki hapa Tabora imehamishiwa hosti nyingine. Ni WordPress (programu ya kuendeshea tovuti); mafaili yamebebwa kwa zipu na databezi imeingia bila shida. Sasa ukurasa ni mweupe, au linakuja kosa 500. Logi ya seva inasema "Failed opening required", kisha njia inayoanza na /home/ yenye jina la akaunti ya kule tulikotoka. Nimebadili jina la folda ya plagini ya ulinzi ndani ya wp-content/plugins ili izimike, hali ni ile ile. Nimewasha WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG ili WordPress iandike makosa yake kwenye debug.log, faili hilo halitokei kabisa. Wanunuzi wa asali wanaagiza kwa fomu ya hapo, naombeni msaada wa haraka. Nipakie upya zipu yote?

fundi_ujiji
Usipakie upya, utamaliza bando bure. Hiyo njia ya zamani ndiyo jibu lenyewe.

Plagini zenye ukuta wa moto, Wordfence mojawapo, hazisubiri WordPress iamke. Zinaandika mstari wa auto_prepend_file kwenye faili lililofichwa, .user.ini, ili PHP (lugha inayoendesha WordPress) isome faili la ukuta kabla ya kitu kingine chochote. Mstari huo unabeba njia kamili ya seva. Ukihama, njia inabaki ya kule. PHP inalitafuta faili, hailioni, inakata kazi palepale. Folda ya plagini hata haijaguswa, na WordPress haijafikiwa, ndiyo maana debug.log haiandikwi.

Kwenye File Manager ya cPanel (paneli ya kusimamia hosti) bonyeza Settings, weka tiki kwenye Show Hidden Files. Fungua .user.ini iliyo ndani ya public_html. Utakuta mstari wa namna hii:

`auto_prepend_file = '/home/akauntizamani/public_html/wordfence-waf.php'`

Weka nukta-mkato (;) mwanzoni mwake ili uzimike, hifadhi, halafu SUBIRI. Kwa kawaida PHP hukaa na .user.ini kwenye kashe kwa sekunde 300, kwa hiyo dakika tano za mwanzo kosa linaweza kubaki lile lile. Wengi huharibu hapa: wanadhani dawa imekataa, wanaanza kufuta vitu vizima.

Tovuti ikifunguka, tengeneza faili njia.php lenye `<?php echo __DIR__;` ulifungue kwenye kivinjari, litakupa njia mpya. Ukilifungua kabla ya kuzima ule mstari nalo litakufa vilevile, maana ni PHP. Sahihisha njia, toa nukta-mkato, rudishia folda ya plagini jina lake. Fungua pia wordfence-waf.php yenyewe uangalie kama ndani kuna njia ya zamani.

mwanga_seva
Naongezea kwa fundi. Kama 500 itabaki baada ya hapo, tazama .htaccess, faili la mipangilio ya Apache (programu ya seva ya wavuti). Mistari ya php_value (ya kubadili mipangilio ya PHP) inakubalika pale tu PHP inapoendeshwa kama moduli ya Apache. Seva mpya ikitumia PHP-FPM, yaani PHP inayoendeshwa nje ya Apache, Apache haiutambui mstari huo na inarusha 500. Uhamishie kwenye .user.ini, ambako unaandikwa kwa alama ya = bila neno php_value.

Na kama kulikuwa na plagini ya kashe, angalia WPCACHEHOME ndani ya wp-config.php. Nayo hubeba njia kamili.

nyuki_tabora
Asanteni sana wakuu, ukurasa umefunguka na fomu inapokea oda. Kwenye .htaccess sijaona php_value, ila kuna AddHandler (mstari unaochagua toleo la PHP) yenye ea-php74, yaani PHP 7.4, na seva hii ina 8.1 na 8.2 tu. Niuache?

mwanga_seva
Utoe. Mstari huo unaita toleo ambalo seva hii haina, na siku nyingine utakuta mafaili ya PHP yanapakuliwa badala ya kuendeshwa. Nenda MultiPHP Manager ndani ya cPanel uchague 8.1 kwanza, paneli itaandika mstari wake yenyewe. Plagini zote zikitulia ndipo upande 8.2.

fundi_ujiji
Ruhusa za folda ziwe 755, za mafaili 644. Ukuta ukilalamika kuwa hauwezi kuandika, futa wp-content/wflogs, plagini itaiunda upya. Na lile faili la njia.php lifute leo leo, linamwonyesha kila apitaye jina la akaunti yenu.