Asasi yetu ya afya inataka tufanye kazi siku nne kwa asilimia 80 ya mshahara. Nisaini?

Binti Igoma
Habari za jioni wakuu. Nipo Mwanza, ni afisa uchechemuzi (kazi yangu ni kushawishi serikali na viongozi) kwenye asasi inayotetea wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell). Tangu Marekani isimamishe misaada Januari 2025 hali yetu imekuwa ngumu. Sasa uongozi umetuletea karatasi: kuanzia mwezi ujao kazi ni Jumatatu hadi Alhamisi, mshahara unashuka kwa asilimia 20, lengo ni kwamba asipunguzwe mtu.

Siku hiyo naitaka, nisiwafiche. Nina mtoto mdogo na mwili umechoka. Lakini kazi ni ileile: vikao vya halmashauri, kufuatilia dawa yao ya haidroksiurea isikosekane vituoni, vikundi vya wazazi. Mtoto akishikwa na maumivu Ijumaa, mama yake ananipigia mimi. Tena Bunge la bajeti linaanza Aprili hadi Juni, na Juni 19 ni Siku ya Selimundu Duniani. Miezi hiyo hata siku sita hazitoshi. Nisaini au nigome?

Mtu wa Miradi
Pole dada. Usisaini kwanza. Hiyo karatasi inataja kazi zipi zinaachwa? Kama hakuna hata moja, hujapunguziwa wiki, umepunguziwa mshahara. Nimeyaona haya kwenye asasi mbili: Ijumaa ofisi imefungwa, watu wako nyumbani wanaandika ripoti ya mfadhili. Mwombe mkurugenzi mkae na orodha ya majukumu yako, mfute moja ya tano. Akishindwa kuchagua cha kufuta, mwambie basi na siku haijapungua.

Karani wa Mishahara
Nikupe hesabu, maana watu wengi wanaogopa bila kupiga. Tuseme mshahara ni shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Ukitoa asilimia 10 yako ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na PAYE (kodi ya mshahara) unabaki na kama 1,117,000. Ukishuka hadi 1,200,000 unabaki na 928,000. Mkononi inapungua 189,000, siyo 300,000, kwa sababu kodi na mchango wako wa NSSF navyo vinashuka. Kama una deni la Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, ile asilimia 15 ya mshahara inayokatwa nayo itapungua.

Maumivu yako kwingine. Mchango wa NSSF, wako na wa mwajiri, unatoka 300,000 hadi 240,000 kila mwezi. Na mradi ukifa kabisa mwakani, kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, hadi miaka 10. Kitapigwa kwenye mshahara upi? Hapo ndipo pa kukaza. Iandikwe kwamba punguzo ni la muda, lina tarehe ya mwisho, na stahiki za kuachishwa zitahesabiwa kwa mshahara wa zamani.

Kaka wa Nyakato
Mbona Uingereza mwaka 2022 kampuni 61 zilijaribu siku nne na mshahara haukuguswa? Wadai hivyohivyo.

Mtu wa Miradi
@Kaka wa Nyakato kule walikuwa wanatafuta tija, hapa fedha zimekata. Ni mambo mawili tofauti, tusimpoteze mwenzetu.

Ila dada, kuna njia nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu, kwa makubaliano ya maandishi, kufanya kazi hadi saa 12 kwa siku, ili mradi wiki isizidi saa 45 za kawaida. Unaweza kubana saa zote kwenye siku nne. Kwa mwenye mtoto mdogo mimi siishauri, lakini ijue. Na sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akushirikishe anapobadili masharti ya mkataba. Hawezi kukuwekea tu karatasi mezani.

Mama wa Mgonjwa
Mimi ni mzazi, mwanangu ana selimundu. Naomba nami niseme. Ijumaa usiku mtoto akilia mifupa sihitaji afisa uchechemuzi, nahitaji hospitali. Tunawapigia ninyi kwa sababu ndiyo namba tuliyopewa. Tupeni utaratibu: kikundi kiwe na wazazi wawili wa zamu wanaojua kituo gani kina dawa na nani yuko kliniki. Tunaweza. Mimi nitakuwa wa kwanza. Usijiue kwa ajili yetu, kesho tutakuhitaji halmashauri ukiwa na nguvu.

Binti Igoma
Mama, asante sana, umenigusa. Hilo la wazazi wa zamu nalipeleka kwenye kikao Jumatatu, pamoja na tarehe ya mwisho na kiinua mgongo. Nitaomba pia Aprili hadi Juni turudi siku tano kwa mshahara kamili, miezi mingine ziwe siku nne. @Karani wa Mishahara, hilo la kupanda na kushuka linaleta shida NSSF?

Karani wa Mishahara
Halina shida. Mchango unafuata mshahara wa mwezi husika. Hakikisha tu barua inataja miezi yenyewe, na nakala ubaki nayo.