Eti "ungemsubirisha kidogo"! Nimempakata mtoto, naambiwa hivyo mbele ya foleni nzima

Fundi Vijora

Jamani, nimetoka pale sasa hivi. Niko ndani ya bajaji, naandika kwa kidole kimoja, mkono wa pili umembeba mtoto, na hasira imenijaa hadi maziwa yamekata.

Mnawajua wote, sina haja ya kutaja. Wale wale wa mfuko wa hifadhi ya jamii, wa jengo lenye kiyoyozi cha kugandisha samaki, na televisheni ukutani inayoonyesha wazee wanacheka ufukweni siku nzima. Na yule dada wa dirisha la mafao mnamjua pia. Yule mwenye kucha ambazo akibonyeza herufi moja zinabonyezeka nne.

Nimefika na mwanangu, hajatoka arobaini, mshono wangu bado unavuta. Foleni ile kuna watu waliingia wakiwa vijana, nahisi watatoka na pensheni mkononi. Nimefika dirishani nikasema nimekuja kwa ajili ya fao la uzazi, nikaweka kitambulisho, kadi ya kliniki na tangazo la kizazi. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akanitazama mimi, akamtazama mtoto, kisha akapaza sauti mpaka mlinzi wa getini akageuka:

"Mama, michango yako haijatimia. Ungemsubirisha kidogo."

UNGEMSUBIRISHA KIDOGO.

Nani, mtoto? Asubiri wapi? Ningemwambia baba kaa humo humo, mama anamalizia michango? Na watu wakacheka! Kaka mmoja nyuma yangu aliyevaa shati la kitenge alicheka mpaka akashika ukuta. Yule dada naye akatabasamu, akasema "anayefuata."

Hawa hawa ndio waliokuja kwenye fremu zetu na gari la matangazo, flana na kofia, wakatukuta tumezama kwenye sare za shule. Mjasiriamali na wewe jiunge, na wewe utapata fao la uzazi kama aliyeajiriwa, changia mwenyewe kupitia simu, ukiwa na hela lipa hata ya miezi ya mbele. Nikajaza fomu juu ya meza ya kukatia. Nikapiga na picha na kofia yao.

Mimi ni fundi. Hela ya fundi haijui tarehe 30. Kuanzia Novemba mpaka Januari ni sare, Idd ikikaribia ni vijora na magauni ya watoto, miezi mingine unakaa unabadilisha zipu na kupunguza suruali. Kwa hiyo nilipopata nililipa ya miezi mingi kwa mkupuo, kama alivyonielekeza yule aliyeniandikisha. Leo mkupuo wote unasomeka kwenye kompyuta yao kama mchango wa mwezi mmoja! Hela wameipokea yote, risiti ninazo kwenye simu, ila miezi haipo. Nimemwonyesha risiti. Anasema "mfumo hausomi hivyo."

Mfumo hausomi, lakini mtoto ndiye angesubiri.

Aliyeajiriwa akijifungua, sheria ya ajira ya 2004 inampa siku 84 na mshahara wake wote, mapacha siku 100, na mwajiri ndiye anayelipa. Mimi mwajiri wangu ni mimi. Nikilala mimi, cherehani imelala, overloki imelala, na yule binti ninayemlipa kwa wiki naye anatafuta fremu nyingine. Mwanamke anayehitaji fao hili kuliko wote ni huyu asiye na mtu wa kumlipa akiwa kitandani. Na ndiye anayeambiwa ungemsubirisha kidogo. Mbele ya watu. Na kichanga mkononi.

Kuna mwanamke yeyote humu anayejilipia mwenyewe aliyewahi kulipwa fao hili? Ajitokeze aseme alifanyaje.

Mkaa Barazani

Pole sana dada, pole na mshono. Ila hukusema, jumla una michango mingapi?

Fundi Vijora

Hata ningekuwa na mmoja! Ndiyo aniambie vile? Mtoto anasubirishwa?

Bwana Kanuni

Tusichanganye mambo. Masharti ya fao la uzazi ni michango 36, na kati ya hiyo 12 iwe imelipwa ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Ukitimiza unalipwa wiki 12, nne za kabla na nane za baada, kwa wastani wa kipato ulichokuwa unachangia. Ukishalipwa, fao jingine mpaka ipite miaka mitatu, isipokuwa kama mtoto amefariki kabla ya kufikisha miezi 12. Yule dada wa dirishani hakuitunga sheria.

Fundi Vijora

Kaka, mimi nimeuliza sheria? Hiyo 36 kwenye gari la matangazo haikutajwa, spika ilikuwa inapiga singeli. Na sheria yako hiyo ni kifungu gani kinachosema mama aliyepasuliwa achekwe? Nitajie kifungu.

Mama Wawili Kigamboni

Mimi nililipwa. Nilikuwa nalipa kila mwezi bila kuruka, hata ile miezi ya njaa nilikopa vikoba nikalipa. Fundi, hili suala la mkupuo ni la kweli, shoga yangu lilimkuta. Nenda na barua ya maandishi, ambatanisha risiti zote, omba mchango ugawanywe kwa miezi husika. Usiende dirishani, panda ghorofani kwa meneja. Na usikubali jibu la mdomo.

Ila pia nikwambie ukweli, nilicholipwa kilitosha nepi na supu ya pweza. Ukichangia kile kiwango cha chini, na fao linapigwa kwa kiwango hicho hicho.

Kijiwe Nongwa

Huyu ni fundi nguo analalamika kaambiwa asubiri??? Fundi nguo??? Nyie ndio mnaotuambia "njoo kesho jioni" kuanzia mwezi mtukufu mpaka mfungo sita. Dada yangu ameolewa na gauni la kuazima, lake bado liko kwa mwenzenu lina pini. Leo na nyie mmeonja.

Fundi Vijora

Wewe una mama kweli? Ninaongelea kichanga, wewe unaleta gauni.

Bibi Harusi Mstaafu

Kijiwe Nongwa umenikumbusha machungu. Mimi fundi alikata kitambaa changu cha send-off akamshonea mtu mwingine, nikakiona kanisani kimevaliwa. KANISANI. Nilimfuata mpaka kwake, mkewe akasema amesafiri, viatu vyake viko mlangoni.

Mkaa Barazani

Mafundi na wauza vigae, hao wawili waongo daraja moja.

Mama Wawili Kigamboni

Jamani mwacheni, ni mzazi huyo. Kuna watu hamna utu.

Karani wa Kudumu

Na nyie mnaojiajiri msituonee gere sisi wa siku 84. Nimetoka likizo nikakuta kiti changu kimekaliwa na mtu aliyeletwa "kushikilia kwa muda", mimi nimepelekwa stoo kuhesabu makaratasi. Lile saa la kwenda kunyonyesha, sheria inasema mpaka masaa mawili kwa siku, ukiliomba bosi anakuna kichwa wiki nzima. Afadhali wewe unanyonyesha chini ya cherehani yako.

Fundi Vijora

Afadhali ipi? Nimetoka kuambiwa ningemsubirisha mtoto, mtu ananiambia afadhali!

Mama Njiti

Kwa sheria ya kazi angalau mwaka 2025 walitukumbuka, aliyejifungua njiti anaongezewa muda mpaka pale mimba ingetimiza wiki 40. Wangu alizaliwa kabla ya hapo. Likizo yangu iliishia wodini, nimerudi ofisini mtoto ndiyo kwanza anajifunza kunyonya. Wanaojilipia wenyewe hili haliwagusi hata kidogo, wao hawana likizo ya kuongezewa.

Baba Pacha

Na sisi akina baba je? Sheria inatupa siku tatu. Tatu! Tena zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Mke kapasuliwa, watoto wawili wanalia kwa zamu, siku ya nne uko kwenye daladala unasinzia. Hakuna anayetuanzishia uzi.

Bibi Harusi Mstaafu

Siku tatu za nini kaka, ulishonwa wewe? Wengi wenu hizo tatu mnazimalizia baa mnapokea pongezi.

Baba Pacha

Semea mumeo. Mimi nimeosha nepi mpaka kucha zimelainika.

Mama Lishe Stendi

Mnabishania fao na likizo, mimi mlango wa leba naulizwa "gloves unazo? Nyembe? Mpira wa kulalia? Pamba?" Huku uchungu umeshika, mume wangu anakimbia dukani usiku kutafuta duka la dawa lililo wazi. Kila siku tunasikia mjamzito anahudumiwa bure. Bure hiyo mimi nimeinunua kwa orodha. Na beseni nikaambiwa langu ni dogo.

Kijiwe Nongwa

Beseni dogo 😂😂😂

Karani wa Kudumu

Usicheke, hata mimi nilirudishwa kwa ajili ya kanga. Eti nimeleta mbili, zinatakiwa nne.

Kijana wa Mkataba

Wakuu, mkishamaliza mabeseni tuongelee fao la kujitoa. Mkataba wangu umeisha, nimekwenda nichukue changu nianzishe biashara, naambiwa kujitoa hakuna siku hizi, kuna fao la kukosa ajira. Theluthi ya mshahara kwa miezi sita, tena uwe umechangia angalau miezi 18. Hela yangu mwenyewe napimiwa kwa kijiko!

Bwana Kanuni

Kaka, hiyo ni tangu mageuzi ya 2018. Na sharti usiwe umeacha kazi kwa hiari yako.

Kijana wa Mkataba

Na wewe unalipwa kutetea hawa watu? Kila uzi upo.

Fundi Vijora

Samahani, nimefika nyumbani. Mama Wawili, hiyo barua naandika kwa nani hasa? Na nimemsimulia mama yangu yale maneno, amelia. Mtu mzima amelia, kwa sababu ya "ungemsubirisha kidogo".

Mstaafu Mtarajiwa

Haya yote ni madogo, kidonda cha nchi hii ni KIKOKOTOO, ile hesabu ya sehemu ya pensheni unayopewa kwa mkupuo ukistaafu. Kanuni za 2018 zilikuja na asilimia 25 kwa mkupuo, Magufuli akazisitisha Desemba mwaka huo huo. 2022 wakaleta 33. Bajeti ya 2024 ndiyo ikawapandishia watumishi wa umma mpaka 40. Mimi nimeingia kazini najua nusu yangu nachukua siku ya kuagwa, nimenunua kiwanja kwa hesabu ya nusu, nimemwahidi mke nyumba kwa hesabu ya nusu.

Mkaa Barazani

Umenena mkuu. Mzee wangu alipiga hesabu ya kununua trekta, ameishia kuku wa kienyeji.

Kijana wa Mkataba

Angalau ninyi mnapata mkupuo. Wa mikataba ya mwaka mwaka hiyo miaka 15 ya kuchangia ndiyo upate pensheni tutaifikishaje?

Mama Wawili Kigamboni

Fundi, mwandikie meneja wa ofisi uliyoandikishwa, nakala makao makuu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Nikumbushe kesho nikupigie picha ya kwangu.

Baba Pacha

Kiwanja kiko wapi mkuu? Kama unauza kwa sababu ya kikokotoo tuongee.

Mstaafu Mtarajiwa

Siuzi. Msingi ushaota nyasi lakini siuzi.

Mkaa Barazani

Hiyo 40 na waliostaafu kabla ya bajeti ile inawahusu, au ni kwa waliofuata tu? Mzee alitoka Juni 2023. Mwenye uhakika aseme, siyo Bwana Kanuni.