Naomba ushauri: "want", "wish" au "desire"?

Hamjambo wadau? Niko Umoja hapa Nairobi, naandika barua ya kuomba kazi na nimekwama. Niliandika "I desire this job", binamu yangu akacheka hadi chai ikamwagika, eti nimemtongoza meneja. Nikaweka "want", akasema hilo ni la mtoto anayelilia peremende. "Wish" nalo naliona la mambo magumu kutimia, kama laiti ningekuwa na gari. Zamani "want" lilimaanisha kupungukiwa, na kweli mimi nimepungukiwa, kodi ya nyumba inanidai! Kwetu mtu hachanganyi hamu na uchu, wala shauku na tamaa. Sasa kwa Kiingereza mngeandika lipi? Barua naituma kesho asubuhi.