Tupeane uzoefu: pasi ya makumbusho na kukwepa foleni ya mlangoni

Mwana wa Nyangao
Habari zenu wakuu. Niko Lindi mjini, mwezi wa tisa naenda Berlin kwa mafunzo ya kazi, na kitu nilichokiweka moyoni tangu niko shule ya msingi ni kumuona kwa macho yangu yule mjusi wetu wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria iliyochimbwa huku kwetu Lindi na Wajerumani wakaipeleka kwao. Sasa jamaa mmoja kaniambia huko kuna pasi, unalipa mara moja afu unaingia makumbusho kibao, mwingine akasema hata uwe nayo foleni utapanga tu. Mimi nafasi yangu ni Jumamosi na Jumapili basi, na foleni naijua, mwaka jana niliwapeleka wanangu makumbusho moja Dar siku ya sikukuu tukakuta mabasi ya shule yamejaa, tukasimama juani mpaka mdogo akalala begani, tulipoingia hataki kuona chochote. Sitaki yanikute tena. Waliopita, iwe Ulaya iwe hapa kwetu, tupeane uzoefu.

Binti Mtanda
Kaka yangu umenigusa. Mimi nyumbani Lindi ila naishi Ujerumani mwaka wa sita sasa, na nilichelewa kwenda kumuona mpaka mama alipokuja kunitembelea. Nikuambie tulivyofanya. Mjusi yuko makumbusho inaitwa Museum für Naturkunde, nilimkatia tiketi yake peke yake mtandaoni usiku wa kuamkia, unachagua na saa ya kuingia, afu tukaenda Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi ndo wanafungua. Mlangoni kulikuwa na mstari mrefu wa watu wanaokata tiketi palepale, sisi tukaonyesha simu tukapita. Wikiendi wanafungua saa nne na watoto wanakuwa wengi kweli, kwahiyo wewe chukua saa ya kwanza kabisa Jumamosi, usiseme utaenda mchana. Jumatatu wamefunga. Treni ni U6, unashuka stesheni inaitwa Naturkundemuseum, hupotei.

Ukiingia tu ukumbi wa kwanza huyu hapa. Urefu wa kwenda juu ni mita 13.27, unainua shingo mpaka inauma. Mama alisimama pale chini ya miguu yake hasemi kitu, afu akaanza kunisimulia habari za babu yake, kwamba alikuwa mmoja wa wapagazi waliobeba ile mifupa kichwani kutoka Tendaguru mpaka bandarini Lindi, mwendo wa siku nne hivi kwa miguu. Ile kazi ilikwenda kuanzia 1909 mpaka 1913, zaidi ya tani 200 zikapita kwenye vichwa na mabega ya watu wetu, na msimamizi wao alikuwa Mswahili mwenzetu Boheti bin Amrani, ambaye 2007 wanasayansi walimpa heshima wakamwita mjusi mwingine wa Tendaguru kwa jina lake, Australodocus bohetii. Mimi haya sikufundishwa darasani, nimeyajua ukubwani. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima, na kwa sababu tuliwahi hakuna aliyetusukuma. Hiyo ndo faida ya kukwepa foleni kaka, unapata muda wa kukaa na kitu chako.

Mwana wa Nyangao
Dada asante sana, nimesoma mara mbili. Na ile pasi je, ninunue au niachane nayo?

Binti Mtanda
Pasi ya Berlin ni ya siku tatu mfululizo. Ukiianza jioni, siku hiyo imeshahesabika, kwahiyo ianze asubuhi. Kwa mtu mwenye siku mbili piga hesabu kwanza, kama unaingia makumbusho moja au mbili kata tiketi za kawaida. Mimi niliitumia wiki nyingine na mama, tukaenda Neues Museum kuona sanamu ya Nefertiti, yule malkia wa Misri ya kale, na hata hapo nilichukua saa ya kuingia mapema. Makumbusho ya Pergamon usiiweke kwenye ratiba, iko kwenye ukarabati imefungwa tangu Oktoba 2023.

Kaka wa Shangani
Mtwara hapa. Mimi yangu ni ya Paris na iliniuma, naiweka ili mwingine asipoteze hela. Nilinunua pasi ya saa 48. Ile wanahesabu masaa, sio siku, na yanaanza pale unapoingia mlango wa kwanza. Nikaanzia lile tao la Arc de Triomphe Jumatatu mchana, nikasema Louvre, makumbusho yao kubwa, kesho. Jumanne nafika Louvre, imefungwa, kumbe Jumanne ndo siku yao ya kupumzika, nikaenda makumbusho ya Orsay, sawa nilifurahi. Nikabakiwa na Jumatano asubuhi peke yake na hapo ndo nikajua kwamba Louvre hata kama una pasi lazima uwe umeshaweka nafasi ya saa fulani, na asubuhi yote ilikuwa imejaa. Nimerudi Shangani sijaiona. Na mnara wa Eiffel haumo kwenye pasi, huo unalipia mbali. Tena kuna ukaguzi wa mabegi, ule kila mtu anapita, pasi haikuondolei, kwahiyo beba kibegi kidogo.

Ligula Star
Naunga mkono hapo kwenye begi. Na simu iwe na chaji, tiketi yote iko humo. Mimi naipigaga picha kabisa.

Mwalimu Masoko
Salaam. Mie nipo Kilwa Masoko, pasi hatuna ila foleni ipo. Kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu ya Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, jumba la sultani, lazima kibali kwanza huku Masoko, ndo upande boti. Mwaka juzi nilipeleka wanafunzi 40, nikafika sina orodha ya majina, tukaanza kuandika palepale, nyuma yetu wageni wanasubiri, tulipomaliza maji yameshatoka na watoto wakatembea kwenye tope mpaka botini. Safari iliyofuata niliandika orodha wiki moja kabla, kibali nikachukua jana yake, na nahodha nikamuuliza maji yanajaa saa ngapi. Saa moja na nusu asubuhi tuko majini, magofu yote ni yetu sisi tu, nikasomesha nikiwa nimekaa ndani ya msikiti wenyewe hakuna anayesubiri nimalize. Ndugu yetu wa Nyangao, ukirudi kutoka Berlin pitia na huku.

Mwana wa Nyangao
Mwalimu nitakuja, na wanangu nawaleta. Dada Mtanda, ratiba imetoka, Ijumaa mafunzo yanaanza mchana, kwahiyo naenda na ile saa tatu na nusu yako. Pasi nimeiacha. Mpe shikamoo mama, mwambie nikifika pale chini ya miguu nitampigia simu ya video.