Nina data za panya dume pekee. Nipeleke nini kwenye mkutano wa tofauti za kijinsia?

BintiWaMaabara aliuliza:

Habari zenu wadau. Niko mwaka wa pili wa uzamili, famakolojia, hapa Nairobi. Napima kama maji ya gome la mti wa muthiga yanapunguza maumivu (ndiyo, gome lilithibitishwa na mtaalamu wa mimea, msianze). Nampa panya dawa, nasubiri nusu saa, namweka kwenye sahani ya nyuzi 55 na kuhesabu sekunde hadi alambe mguu, kisha namtoa haraka.

Panya wangu wote ni dume. Itifaki niliirithi hivyo kwa walionitangulia. Sasa msimamizi ameniletea tangazo la mkutano wa kisayansi kuhusu tofauti za kibiolojia kati ya jike na dume katika afya na magonjwa. Mtu anaweza kuhudhuria kwa mtandao, kwa hiyo habari ya viza na nauli haipo. Anataka ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti wangu. Kusoma masharti: taja jinsia ya wanyama, na kama ulitumia moja tu, eleza sababu. Sababu yangu ni kwamba dume ndio waliokuwa vizimbani!

Wenzangu wananiambia jike wana mzunguko wa siku 4 hadi 5, data zitayumba, na nitahitaji panya mara mbili. Pesa zilizobaki ni za chakula cha panya, hata si changu. Halafu, kusema kweli, mimi mkutano kama huo nauona ni wa mambo ya uzazi tu. Nitaonekana nimepotea njia?

Kijana_wa_Ngara:

Dada, tafuta mkutano wa dawa za mitishamba umalize shahada yako. Haya ya jike na dume ni ajenda za wafadhili. Panya ni panya.

MfamasiaWaEastlands:

Panya ni panya hadi kidonge kifike dirishani kwangu, ndugu yangu wa Ngara.

Mimi hugawa ARV. Mei 2018 yalitoka matokeo ya awali ya Botswana: kati ya watoto 426 ambao mama zao walishika mimba wakiwa tayari wanatumia dolutegravir, ARV mpya, 4 walikuwa na kasoro ya ubongo au uti wa mgongo. Maelekezo yakaja kwamba wanawake wa umri wa kuzaa wabaki kwenye efavirenzi, ile ya zamani. Kuna mtu na mkewe walikuwa wanakuja kwangu siku moja, wanakaa benchi moja. Mume nikampa kidonge kipya. Mke nikampa kile cha zamani, kinacholeta ndoto za ajabu usiku. Akaweka chupa mbili pamoja kaunta, akasoma majina, akaniuliza, "Daktari, kwani virusi vyangu ni vingine?"

Mwaka huohuo wanawake wanaoishi na HIV kutoka nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali, wakasema: tuelezeni hatari yenyewe, kisha tuchague. Data zilipoongezeka ile hatari ikaonekana ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na 2019 WHO wakapendekeza dawa hiyo kwa wote. Mwaka huohuo wa 2019 utafiti wa Johannesburg ukaonyesha kwamba wanaoitumia wanaongezeka uzito, wanawake kuwashinda wanaume. Yote hayo tunayajua dawa ikiwa tayari mikononi mwa watu.

Na si kwetu tu. Zolpidem, dawa ya usingizi, iliuzwa Marekani miaka 20 kabla ya FDA, mamlaka ya dawa ya huko, kupunguza kipimo cha wanawake mwaka 2013, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu asubuhi mwanamke anashika usukani dawa bado imejaa damuni.

Kuhusu uzazi: chama cha OSSD, cha watafiti wa tofauti za kijinsia, kilichoanzishwa 2006, hufanya mikutano ya aina hii kila mwaka, na utakuta humo watu wa moyo, figo, ubongo, kinga ya mwili. Maumivu ni mada kubwa huko. Hujapotea njia hata kidogo.

MzeeWaVizimba:

Nimetunza panya wa utafiti tangu wengi wenu mko shule ya msingi, kwa hiyo nivumilieni.

Habari ya jike kuyumba ilipimwa. Uchambuzi wa 2014 ulikusanya makala 293 na kukuta jike hawayumbi kuliko dume, hata bila kufuatilia mzunguko. Wanaonisumbua mimi ni dume: ukiwaweka watano kizimba kimoja, asubuhi unakuta mmoja mgongo umeng'atwang'atwa. Huyo naye utampima maumivu?

Ukitaka kujua siku za jike, tone la maji ya chumvi, slaidi, hadubini. Seli kavu zisizo na kiini zikijaa, yuko kwenye joto, yaani tayari kupandwa. Si lazima kwa mwanzo.

La idadi: kundi la 8 liwe dume 4 na jike 4. Tofauti kubwa sana itajitokeza, ndogo itakupita, na useme hivyo kwenye ikisiri. Ila usinunue jike peke yao leo uwalinganishe na dume wa mwaka jana. Gome lingine, msimu mwingine, utakuwa umepima kalenda. Changanya wote upya. Na usiseme "imewasaidia dume, jike haikuwasaidia" kwa sababu thamani ya p (kipimo cha kama matokeo ni ya bahati tu) ya upande mmoja ilishuka chini ya 0.05 na ya mwingine haikushuka. Weka dawa na jinsia katika hesabu moja, uangalie mwingiliano wao, yaani kama dawa inafanya kazi tofauti kwa jike na kwa dume.

Kuna jingine hata msimamizi wako huenda hajalitaja. Mwaka 2014 kundi la watafiti wa Montreal, Kanada, lilionyesha kwamba harufu ya mwanamume, hata ya fulana aliyoivaa, inawatia panya hofu kiasi cha kupunguza maumivu wanayoonyesha. Mwaka uliofuata wakaonyesha dume na jike wanapitisha maumivu sugu kwa seli tofauti za kinga. Nani alikuwa anashika panya wako?

BintiWaMaabara:

Mzee wangu, shikamoo. Siku nyingi nilishika mimi, siku za Ijumaa alishika kaka mmoja wa maabara jirani. Tarehe ziko daftarini.

@MfamasiaWaEastlands asante, hiyo ya chupa mbili nitamsomea msimamizi.

MzeeWaVizimba:

Marahaba binti. Basi tenga za Ijumaa uzitazame peke yake leo jioni, ni bure. Kwa hao jike, kibali chako kinasema dume? Kama ndivyo, peleka marekebisho kwa kamati ya maadili kabla hujaagiza hata mmoja, maana hao hujibu wanapopenda.